Jicho la Shangazi na Udongo wa Natal

Juma hili nazungumzia jicho moja. Shangazi yangu, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, alitolewa mtoto wa jicho. Operesheni ilikwenda vizuri. Majuma machache baadaye jicho likawa jekundu, likauma, na kidoa cheupe kikatokea kwenye kioo chake. Akarudia matone aliyobakiza toka hospitali. Yalipokwisha akanunua mengine duka la dawa, bila cheti cha daktari. Siku mbili tatu akapata nafuu. Kisha kidoa kikapanuka.

Tulipompeleka hospitali, daktari hakukimbilia kuandika dawa. Alilitia jicho ganzi, akakikwangua kile kidoa, akapaka kwenye kipande cha kioo na kutazama kwa hadubini. Akaona nyuzinyuzi: fangasi. Dawa za bakteria haziui fangasi. Na yale matone ya awali, yenye steroidi, hutuliza wekundu huku yakilegeza ulinzi wa mwili, fangasi wakapata nafasi.

Ugonjwa huu una historia. Mwaka 1879 daktari Mjerumani, Theodor Leber, alieleza fangasi katika jicho la mkulima aliyepigwa na kapi wakati wa kupura nafaka. Lakini kuujua ugonjwa si kuuponya. Ilipita miaka 76 hadi 1955, watafiti walipopata natamaisini kutokana na kijidudu cha udongo wa Natal, Afrika Kusini. Ndiko lilikotoka jina lake. Marekani iliiruhusu kama dawa ya macho mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2017.

Tazama basi: udongo ni wa Afrika, na fangasi wa jicho hushamiri zaidi nchi za joto kama yetu, lakini dawa ilichukua miaka 62 kuingia orodhani. Sisi tulizunguka maduka ya katikati ya jiji kutwa nzima kabla ya kupata chupa moja.

Shangazi aliwekewa tone kila saa, usiku na mchana, kisha akaendelea kwa majuma kadhaa. Jicho limepona, kovu limebaki. Kwa jicho lile noti anaitambua kwa rangi, namba haisomi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukishafanyiwa operesheni ya jicho, nalo likawa jekundu, likauma au likafifia, usipitie duka la dawa. Rudi hospitali siku hiyo hiyo, na uulize: je, kidoa hiki kimepimwa?