Tangi Halizunguki, Hukomaa

Mtu aliyejaza tangi lake la kwanza la maji ya chumvi huwa na haraka ya samaki. Chumvi maalumu imeshakorogwa, gramu 35 kwa kila lita, hita imefikisha nyuzi 25, pampu inavuma, na maji yanang'aa mpaka jiwe la nyuma kabisa linaonekana. Kinachokosekana hakionekani kwa macho. Samaki akiingizwa siku hiyo atakula na kuogelea vizuri tu, kisha baada ya siku chache atakutwa juu ya maji akihema mbiombio. Hana ugonjwa. Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua, na katika lita 200 hakuna bahari ya kuizimua. Anaogelea katika sumu yake mwenyewe.

Kuliandaa tangi ili amonia isirundikane humo ndiko wafugaji wanaotumia Kiingereza hukuita kulizungusha tangi. Wamelifupisha neno kutoka mzunguko wa naitrojeni, ule unaochorwa kwa mishale kwenye vitabu vya biolojia vya sekondari. Likivukishwa hivyo hivyo kuja kwenye Kiswahili linapotosha mara mbili. Anayeambiwa "lizungushe tangi mwezi mzima" ataelewa kwamba pampu iachwe izungushe maji, naye ataiacha kwa uaminifu wote, apime amonia, apate sifuri, aende dukani kununua samaki. Sifuri hiyo haina thamani, maana hakuna amonia iliyotiwa, na kwa hiyo hakuna kiumbe kilichoota humo ili kuila. Tena, kinachotokea tangini hakirudi kilikoanzia. Amonia hugeuka nitriti, nitriti hugeuka nitrati, na safari inaishia hapo mpaka mwenye tangi aje na ndoo kubadilisha maji. (Irabu moja tu inatenganisha majina hayo mawili, kwa hiyo karatasi ya vipimo isomwe kwa makini.)

Ndiyo maana napendelea kukomaza. Wapo wanaosema kuivisha, lakini ndizi iliyokomaa bado ni mbichi: imefikia kukatwa, haijafikia kuliwa, na tangi linalomaliza hatua hii liko hapo hapo. Linaweza kupokea samaki mmoja au wawili wagumu, lakini matumbawe yenye madeko yatasubiri miezi. Kuvundika nalo lilinivutia, hasa kwa sababu wengi huanza kwa kutupa uduvi tangini uoze, ila ukaribu wake na kuvunda ungewatisha wanunuzi.

Wanaokomaza ni vijidudu. Wafaransa Schloesing na Müntz walilionyesha jambo hilo mwaka 1877, bila samaki wala kioo. Walipitisha maji machafu polepole katika bomba lililojaa mchanga na chokaa. Kwa siku kama 20 amonia iliingia juu ikatoka chini vile vile ilivyo. Kisha nitrati ikaanza kutokea. Walipopitisha mvuke wa klorofomu humo, kazi ikasimama. Walipotia maji yaliyosuuza udongo wa bustani, ikaanza tena. Kitu kinachouawa kwa klorofomu na kupandwa upya kwa udongo ni kitu hai. Yeyote aliyewahi kukaa mbele ya tangi lake wiki tatu akipima amonia isiyopungua atazitambua siku 20 za Wafaransa hao. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, aliyekuwa Zurich, alitangaza kuwatenga bakteria wenyewe, na ikabainika kuwa kundi linalokula amonia silo linalokula nitriti. Kundi la pili huchelewa, kwani haliwezi kuongezeka kabla la kwanza halijaliandalia chakula.

Baharini kuna wengine zaidi. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kiumbe kilichotengwa kutoka changarawe ya tangi la samaki wa bahari ya joto katika Seattle Aquarium, Marekani, wakakiita Nitrosopumilus maritimus. Si bakteria, ni arkea, jamii nyingine kabisa ya vijidudu, nacho hula amonia hata ikiwa kidogo mno. Jamaa zake wametapakaa bahari zote. Jinsi bahari nzima inavyosafisha amonia yake, basi, ilianza kueleweka kwa msaada wa changarawe ya tangi.

Maji ya chumvi yana ukali wake. Amonia huwa katika sura mbili, na yenye sumu zaidi huongezeka pH inapopanda. Katika maji baridi yenye pH 7 haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8.2 ya bahari hupita asilimia 5. Kipimo kile kile kwenye kijichupa, basi, kina hatari tofauti kabisa. Nitriti ni kinyume: kloridi iliyojaa katika maji ya bahari huizuia isipenye sana kwenye matamvua, kwa hiyo samaki wa chumvi huivumilia kuliko ndugu zao wa mitoni.

Zamani wafugaji walikomaza tangi kwa samaki mgumu wa bei nafuu, aachwe ateseke mpaka bakteria waote. Ni ukatili usio na faida. Kloridi ya amoniamu inatosha, itiwe hadi miligramu 2 hivi za amonia kwa lita, pamoja na jiwe kutoka tangi kongwe ikiwa lipo. Amonia itashuka, nitriti itapanda halafu nayo ishuke, nitrati itabaki ikipanda, na utando wa kahawia wa diatomu utafunika mchanga na kumkatisha tamaa mgeni bure. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Tangi limekomaa pale dozi hiyo ya miligramu 2 inapomalizwa ndani ya saa 24, amonia sifuri na nitriti sifuri. Kisha maji mengi yabadilishwe ili nitrati ipungue, ndipo samaki aje.

Ukomavu huo una kiwango. Jeshi la bakteria hulingana na chakula chake, kwa hiyo tangi lililokomaa kwa samaki wawili ni changa kwa samaki kumi. Umeme ukikatika usiku kucha, maji yakakosa oksijeni, au mtu akiosha sponji ya kichujio chini ya bomba lenye klorini, bakteria hao wanaweza kufa kwa wingi, na tangi lililokuwa limekomaa jana huenda likahitaji kukomazwa upya.