Chuma cha Mbozi Kisichotoka Angani

Mgeni akifika mkoa wa Songwe na kuuliza pa kutembea, jibu karibu siku zote ni moja: Ndolezi, wilayani Mbozi, kwenye kilima cha Marengi, akakione kimondo. Na kinastahili safari. Ni bonge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, linalokadiriwa kuwa na tani 16. Udongo wa pembeni ulichimbwa ukaondolewa, likabaki juu ya jukwaa. Mpima ardhi W. H. Nott ndiye aliyekiingiza kwenye kumbukumbu za kitaalamu mwaka 1930, ingawa wapo wenyeji wanaosimulia kwamba mhunzi alikuwa amekwisha kukiona kabla yake. Mahali kilipokatwa kwa msumeno ili wataalamu wapate kipande cha kupima panaonekana hadi leo. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni chuma, na karibu yote iliyobaki ni nikeli.

Lakini chuma cha Mbozi hakikuwa hicho peke yake, wala hicho hakikumlimia mtu hata tuta moja. Majembe, mashoka na mikuki ya Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, vilitokana na mawe yaliyochimbwa ardhini na kuyeyushwa na wenyeji wenyewe. Mwaka 1965 Beverley Brock na P. W. G. Brock walichapisha makala kuhusu uhunzi huo, wakati wazee walioukumbuka wakiwa bado hai. Ukanda wote kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa ulikuwa nchi ya matanuri, na jirani mashuhuri kuliko wote alikuwa Mfipa, ng'ambo ya Bonde la Rukwa.

Tanuri la Kifipa, ilungu, lilijengwa kwa udongo wa kichuguu na kusimama juu kuliko mtu aliyenyoosha mkono. Halikuhitaji mivukuto. Chini liliachiwa matundu yaliyotiwa mirija ya udongo, na moto wenyewe ulivuta hewa kupitia humo, siku kadhaa, mchana na usiku. Ndani yalipangwa mkaa, kuni na mawe ya chuma, tabaka juu ya tabaka. Kilichotoka hakikuwa jembe. Kilikuwa donge chafu lililochanganyika na mavi ya chuma, na ilibidi lipelekwe kwenye tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe. Hapo ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Baada ya hapo tu ndipo mhunzi alipolitia donge kwenye fuawe.

Tanuri jipya lilipambwa na kushughulikiwa kama bibi harusi. Wayeyushaji walilala kambini, unyumba ukiwa mwiko mpaka kazi iishe, na dawa ziliwekwa chini ya tanuri kabla ya moto kuwashwa. Msomaji wa leo anaweza kucheka. Lakini kazi iliyomeza mkaa wa miti mingi na jasho la watu wengi, kisha ikaweza kuharibika kwa sababu ya upepo au mawe mabaya, haikuachiwa bahati peke yake. Jembe lenyewe lilikuwa mali: lililipa mahari, lilinunua mbuzi, lilivushwa mbali na nyumbani.

Bidhaa hizo hazikuujua mpaka. Mstari unaoupa mji wa mpakani wa Tunduma maisha yake ulichorwa Ulaya, katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1, 1890, na ulipindishwa ili Barabara ya Stevenson, iliyokuwa ikielekea Ziwa Tanganyika, ibaki upande wa Waingereza. Wanyamwanga wa huko wakajikuta pande zote mbili.

Majembe ya kiwandani yalipoingia kwa wingi, ilungu halikuwa na ubavu wa kushindana. Hakuna haja ya kumlaumu mkulima: kwa nini akeshe juu ya moto na kufyeka msitu kwa ajili ya kitu kinachouzwa dukani? Kitambaa nacho kilipita njia hiyohiyo, ila kwa kusuasua. Watu wa Ufipa na Bonde la Rukwa walisokota pamba yao wakafuma shuka nzito, seketa, kwenye vitanda vya mfumi vilivyotandazwa chini, na wafumaji hao waliendelea hata baada ya kitambaa cha merikani kuwashinda wenzao sehemu nyingi za bara.

Ilungu halikuwa peke yake kuzimika: Japani nayo ilikuwa na tanuri lake la udongo, tatara, nalo lilizimika katika karne ya 20. Mwaka 1977 chama cha kuhifadhi panga za jadi kililiwasha upya huko Okuizumo, mkoa wa Shimane, na tangu hapo huchomwa wakati wa baridi. Sababu haikuwa mapenzi ya mambo ya kale tu. Wahunzi wa panga walihitaji chuma cha aina hiyo, na wanunuzi wa panga walikuwapo. Mbozi ilifua majembe, na jembe halina mtoza sanaa wa kulinunua kwa bei ya upanga. Kilichobaki ni malungu machache yaliyosimama porini Ufipa, na maandishi: ya mtafiti Wembah-Rashid ya miaka ya 1960, na kitabu cha mwanaakiolojia Bertram Mapunda cha mwaka 2010. Kufua hakukufa, kuyeyusha ndiko kulikokufa. Mhunzi wa leo huanza na chuma chakavu, springi za magari zikiwemo, na kwa mji wenye foleni za malori kama Tunduma hiyo ni mali ghafi isiyokauka.

Anayetaka kazi ya kale zaidi ashuke bondeni, wilaya ya Momba, hadi Ivuna. Huko kazi ilikuwa ya chumvi. Mwaka 1966 Brian Fagan na John Yellen walichimba hapo wakakuta marundo ya vigae, majivu na vyungu vilivyotobolewa matundu, vya takriban karne ya 13 hadi ya 15. Udongo wa chumvi ulitiwa kwenye chungu chenye matundu, maji yakamwagwa juu, yakachuja chini yakiwa na chumvi, kisha yakachemshwa hadi yakauke.

Desemba 16, 1938, jiwe jeusi lilianguka eneo hilohilo. Lilikuwa na gramu 700 hivi, dogo mno mbele ya lile la Ndolezi, lakini kundi zima la vimondo adimu likapewa jina la Ivuna. Chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilipoleta punje za sayari ndogo Ryugu mwezi Desemba 2020, watafiti waliozipima walikuta zinafanana zaidi na vimondo vya kundi hilo. Kwa hiyo Ivuna inajulikana vizuri katika maabara za Tokyo. Wasafiri wanaopita mji wa Vwawa kila siku kuelekea mpakani, wengi wao hawajasikia habari za vyungu vyake.