Maji ya Mto Wako na Taa za Nchi

Leo tuweke jembe chini kidogo, tuzungumze juu ya umeme. Usiseme hayo ni mambo ya watu wa mjini. Historia ya umeme wa nchi yetu imepita katika mito ile ile inayonywesha mashamba.

Umeme uliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani. Ulikuwa wa karakana za reli na nyumba za wakubwa. Mwaka 1936, wakati wa Waingereza, kituo kilianza kazi kwenye maporomoko ya mto Pangani. Umeme ule ulikwenda Tanga na kwenye mashamba makubwa ya mkonge. Kibarua yeye alibaki na koroboi yake.

Sasa sikiliza namna kazi inavyofanyika. Maji yanayoanguka kutoka juu yana nguvu. Yanapitishwa kwenye bomba, yanasukuma gurudumu la mtambo, gurudumu linazungusha jenereta, basi umeme unatoka. Maji hayachomwi kama mafuta. Yakimaliza kazi yanarudi mtoni, na kituo kingine huko chini kinaweza kuyatumia tena.

Baada ya uhuru tulifuata njia hiyo. Mwaka 1964 kilifunguliwa kituo cha Hale, megawati 21, juu ya mto ule ule wa Pangani. Kisha tukahamia Ruaha Mkuu. Kidatu ilianza mwaka 1975, na baadaye ikafikia megawati 204. Juu yake likajengwa bwawa la Mtera kuwa ghala la maji ya Kidatu. Mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake, megawati 80. Maji ya Ruaha yakitoka Kidatu huingia mto Rufiji, na huko limejengwa bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024. Unaona? Tone moja, kazi tatu.

Lakini tone hilo linaanzia wapi? Linaanzia milimani kwa wakulima, linashuka bonde la Usangu kwenye mpunga, ndipo liende Mtera. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulianza kukauka kabisa wakati wa kiangazi, huko katika Hifadhi ya Ruaha. Miaka ile umeme ukawa wa mgao, na mwaka 2006 mgao ukarudi kwa ukame.

Wako waliomtupia mkulima lawama zote. Hiyo si haki. Bwawa hujazwa na mafuriko ya masika, na mvua zikipungua, au maji yakitolewa bwawani ovyo, ghala litakwisha hata kama mkulima hakugusa tone. Lakini nasi tusijisafishe mno. Mfereji ulioachwa wazi usiku kucha, baada ya mpunga kuvunwa, humnyima maji jirani wa chini, mifugo yake na samaki wa mtoni.

Basi ndugu yangu, fanya haya. Funga banio shamba likishashiba. Maji yaliyobaki yarudishe mtoni. Ukilima mlimani chimba makingamaji, maana udongo unaochukuliwa na mvua ni mbolea yako inayokwenda kujaza bwawa tope. Usilime mpaka ukingoni mwa mto. Na katika mkutano wa watumia maji, sema. Dai zamu ya haki.

Tena dai na taa. Miaka mingi nyaya zimepita juu ya mashamba yetu zikielekea mbali. Wakala wa Nishati Vijijini alianza kazi mwaka 2007 ili umeme ushuke vijijini. Kama kwenu haujafika, ulizeni kwenye mkutano wa kijiji. Anayelinda chanzo cha maji hastahili kukaa gizani.

Kazi njema, ndugu mkulima.