Majina ya Wanyonge, Maneno ya Matusi: Sura Moja ya Historia ya Kiingereza

Mwanafunzi atafutaye katika kamusi ya Kiingereza maneno ya kutajia tabia mbaya hukutana mapema na "villain", "churl", "knave", "boor", "lewd" na "mean". Atafundishwa kwamba la kwanza humtaja mwovu, la pili mtu mkavu asiye na adabu, la tatu mlaghai, la nne mshamba, la tano uasherati na la sita uchoyo au unyama wa moyo. Ni nadra kufundishwa kwamba hapo awali hakuna hata moja kati ya maneno haya lililotaja tabia. Yalitaja hali ya mtu katika jamii. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi majina ya hali yalivyogeuka kuwa majina ya maovu, na kudai kwamba mgeuko huo haukuwa ajali ya lugha. Ni kumbukumbu ya nani aliyekuwa na uwezo wa kumpa mwenziwe jina.

Tuanze na "churl". Katika Kiingereza cha kale neno hili lilikuwa "ceorl", na maana yake ni mtu huru wa kawaida, asiye mtukufu wala mtumwa. Sheria za Wessex zilimwekea dia ya shilingi 200, ilhali dia ya mtukufu ilikuwa shilingi 1,200. Alikuwa chini, lakini alihesabiwa. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, wakulima wengi wa daraja hilo walifungwa kwenye mashamba ya mabwana wapya, na jina lao likashuka pamoja nao: kwanza likawa jina la mkulima asiye huru, kisha la mtu asiye na adabu, hata mchoyo. Ajabu ni kwamba ng'ambo ya bahari ndugu wa neno hilo alipata bahati nyingine. Kwa Wajerumani lilikuwa jina la heshima, Karl, alilokuwa nalo mfalme aitwaye kwa Kifaransa Charlemagne, aliyefariki mwaka 814. Kutokana na jina lake Wapolandi na Wacheki walipata neno lao la "mfalme". Shina ni moja. Palipo na enzi likawa taji, palipo na unyonge likawa tusi.

"Villain" lina historia iliyo wazi zaidi. Asili yake ni Kilatini "villanus", yaani mtu wa "villa", shamba la bwana. Katika daftari kuu la ardhi lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya Mfalme William, watu wa jina hilo ndio kundi kubwa kuliko yote. Hawakuandikwa kwa sababu ya uovu; waliandikwa kwa sababu walilima. Hawakuruhusiwa kuhama bila idhini ya bwana, nao walimfanyia kazi bila ujira. Mwaka 1381 wakulima waliinuka, wakaingia London, na kijana Mfalme Richard wa Pili akawaahidi uhuru, kisha akaitangua ahadi yake. Kufikia mwisho wa karne ya 16 utumwa huo wa shamba ulikuwa umekwisha karibu kabisa. Hali ilikufa, tusi likaishi. Hata tahajia ikagawanyika: "villein" likaachiwa wanahistoria na wanasheria, na "villain" likabaki kwa mwovu.

Mfano utoao ushahidi bora ni wa maneno mawili yaliyoanza pamoja. "Cniht" na "cnafa" yote mawili yalimaanisha mvulana, na kisha mtumishi. Mtumishi wa kwanza aliambatana na farasi na silaha za bwana, akawa "knight", shujaa mwenye cheo. Wa pili alibaki mtumishi wa kazi duni, akawa "knave", mlaghai. Hakuna chochote katika sauti au maana ya asili kilichoyatenganisha. Kilichoyatenganisha ni mahali pa kila mmoja katika nyumba ya bwana.

Mabwana hawakuwa peke yao katika kazi hii. "Lewd" lilimaanisha mlei, mtu asiye kasisi. Kwa kuwa makasisi ndio walioshika kalamu, mlei akawa asiyesoma, asiyesoma akawa duni, na duni akawa mwasherati. "Mean" lilikuwa kitu cha watu wote. "Boor" lina undugu na neno la Kiholanzi la mkulima, lile lile ambalo kule Afrika Kusini lilikuwa jina la fahari kwa wenyewe, nasi tukalipokea kwa sura ya Kaburu, jina la mdhalimu.

Kwa upande wa pili, fadhila zilipewa majina ya wakubwa: "noble", "gentle" na "generous" yote yalihusu kuzaliwa katika ukoo bora kabla ya kuhusu moyo bora. C. S. Lewis, katika kitabu chake Studies in Words cha mwaka 1960, alilitambua jambo hili kama kugeuzwa kwa maneno ya hadhi kuwa maneno ya maadili.

Tusidai, hata hivyo, kwamba hii ni kanuni isiyovunjika. "Silly" lilishuka kutoka "mwenye heri" hadi "mpumbavu" bila kuhusu daraja lolote, na "nice" lilipanda kutoka "mjinga" hadi "mzuri".

Wala sisi tusicheke. Mwungwana wa pwani yetu alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, kabla hajawa mtu mwenye adabu; na mshenzi alikuwa mtu wa bara kabla hajawa mtu asiye na ustaarabu. Walowezi wa Kenya waliliokota "shenzi" wakalitia katika Kiingereza chao. Lakini Kiswahili kimeonyesha pia njia ya kinyume. Bepari alikuwa mfanyabiashara, na ndivyo lisomekavyo jina la tafsiri ya Julius Nyerere, Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Kabaila na mwinyi walikuwa watu wa heshima. Katika siasa ya Tanzania iliyofuata Azimio la Arusha la 1967, wote watatu wakawa majina ya wanyonyaji. Mwenye kutoa majina alikuwa amebadilika, na safari hii walioshushwa ni wa juu.

Hapa ndipo ulipo wajibu wa mtunga kamusi. Historia ya maneno ya Kiingereza yaijulikana kwa sababu kamusi kubwa ya Oxford, iliyopendekezwa mwaka 1857 na kukamilika mwaka 1928, ililiwekea kila neno mifano yenye tarehe. Kiswahili chahitaji kazi ya namna hiyo. Kamusi isemayo tu kwamba mshenzi ni mtu asiyestaarabika haijafafanua neno, imekubali hukumu. Ni lazima iseme pia nani aliitwa hivyo, na nani, na lini.