Uzito kwenye Ekseli: Reli za Zamani na Safari ya Mahindi

Tawi la reli la kilomita 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda halikujengwa kwa ajili ya mahindi. Serikali ya kikoloni ililitandaza mwishoni mwa miaka ya 1940 ili madini ya risasi yaliyochimbwa Mpanda yafike kwenye Reli ya Kati. Mgodi ule ulifungwa zamani, reli ikabaki. Leo inaingia katikati ya mkoa wa Katavi, mmoja wa mikoa inayovuna chakula cha ziada, na inaishia katika mji ambako Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) umejengewa vihenge vya kisasa. Reli ipo, mahindi yapo, vihenge vipo. Hata hivyo, msimu wa mavuno ukifika, barabara ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya shehena.

Maelezo ya kawaida ya hali hii ni kwamba reli za zamani ni za polepole, na dawa yake ni reli mpya yenye kasi. Makala haya yanapinga maelezo hayo. Gunia la mahindi halina haraka ya abiria. Kinachoamua kama litapanda treni au lori ni mambo mawili: behewa linaruhusiwa kubeba tani ngapi, na linasubiri muda gani kabla ya kujazwa na kuondoka. Serikali inaweza kuyarekebisha yote mawili kwenye njia zilizopo, kwa gharama ndogo kuliko ya kujenga upya.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua behewa la ekseli nne ambalo likiwa tupu lina tani 18. Kama njia inastahimili tani 13 kwa kila ekseli, uzito wote hauwezi kuzidi tani 52, na mzigo hubaki tani 34. Ikiimarishwa hadi tani 18 kwa ekseli, behewa lilelile, kama limeundwa kustahimili hivyo, litafikia tani 72, na mzigo utakuwa tani 54. Uwezo wa njia umepanda kwa asilimia 38, lakini mahindi yameongezeka kwa karibu asilimia 59, kwa sababu uzito wa behewa lenyewe haukubadilika. Treni ya mabehewa 20 iliyokuwa ikibeba tani 680 sasa inabeba tani 1,080. Lori la kawaida la masafa hubeba takriban tani 30. Treni ya kwanza ilichukua nafasi ya malori 23, ya pili inachukua ya malori 36. Dereva ni yuleyule. Kichwa cha treni kikiwa na nguvu ya kutosha, mafuta hayaongezeki kwa kiwango hichohicho.

Ndiyo maana ukarabati wa njia ya mizigo huanza chini: reli nyembamba kubadilishwa kwa reli nzito, mataruma yaliyochoka kuondolewa, kokoto kuongezwa, madaraja kuimarishwa. Kati ya Dar es Salaam na Isaka, umbali wa kilomita 970, kazi ya namna hiyo ilifanyika kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2014. Tatizo ni kwamba mnyororo hupimwa kwa pete yake dhaifu. Behewa linalotoka tawi la mbali hujazwa kwa kipimo cha tawi hilo, hata kama njia kuu mbele yake ingeweza kubeba zaidi. Kuimarisha shina na kuyaacha matawi ni kumnyima mkulima wa pembezoni faida ya fedha ambazo zimekwisha kutumika.

Historia inaonyesha kwamba bei ya usafiri ndiyo iliyochora ramani ya mahindi nchini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970, serikali ilipoweka bei moja ya mazao kwa nchi nzima, mkulima wa Rukwa au Ruvuma alilipwa sawa na yule wa karibu na Dar es Salaam. Gharama ya kusafirisha ilibebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC). Mikoa ya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ikageuka kuwa ghala la taifa. Sera hiyo ilipoachwa katika miaka ya 1980, umbali ulirudi kuwa mzigo wa mkulima, na unabaki hivyo hadi leo: mnunuzi anayefika shambani hukata nauli ya lori kwanza, kisha ndipo anapotaja bei.

Katikati ya miaka hiyo ya 1970 ilifunguliwa reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilijengwa ili shaba ya Zambia ipate njia isiyopita Rhodesia wala Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu reli hiyo, ameonyesha jinsi wakulima na wachuuzi wa bonde la Kilombero walivyoigeuza kuwa yao kwa kusafirisha mchele, ndizi na bidhaa nyingine kwa treni ya kawaida, stesheni hadi stesheni. Waliopanga reli walifikiria shaba, wanavijiji wakafikiria chakula, na pale treni ilipopita kwa uhakika, biashara ya chakula ilikua bila kuamriwa na mtu.

Msomaji mwenye kumbukumbu ataleta pingamizi: Nachingwea. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, ulijengewa reli kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea. Karanga hazikuja, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli iling'olewa. Kongwa nako kulikuwa na tawi la mpango huohuo, nalo halipo tena. Somo lake ni la kweli, lakini mara nyingi husomwa vibaya. Reli zile zilitangulia zao ambalo halikuwepo. Leo wilaya hiyohiyo ya Kongwa ina soko kubwa la nafaka la Kibaigwa, lililokua kando ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, na mahindi yake huingia na kutoka kwa malori. Pingamizi la Nachingwea linahusu reli inayotafuta mzigo. Katavi, Songwe na Njombe zina mzigo unaotafuta reli.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: nafaka ni mzigo wa msimu. Mahindi ya nyanda za juu huvunwa kuanzia Mei, husombwa zaidi kati ya Juni na Oktoba, kisha mabehewa yangekaa bure. Jibu lake ni mbolea. Mbolea hushushwa bandarini Dar es Salaam na inatakiwa kufika nyanda za juu kabla ya mvua za Novemba. Yaani inapanda katika miezi ileile ambayo mahindi yanashuka. Behewa lililofunikwa, likisafishwa vizuri, linaweza kwenda na moja na kurudi na jingine. Kinachokosekana ni ratiba inayomwona mfanyabiashara wa mbolea na mnunuzi wa mahindi kama wateja wa treni moja.

Muda wa kusubiri ndio unaoiua reli kuliko udhaifu wa mataruma. Behewa linalopakiwa gunia moja moja na makuli, kwenye stesheni isiyo na ghala wala njia ya pembeni yenye urefu wa kutosha, linaweza kukaa siku kadhaa. Lori hupakiwa asubuhi na kuondoka mchana. Kama behewa linafanya safari mbili kwa mwezi badala ya nne, ni sawa na shirika kupoteza nusu ya mabehewa yake bila ajali yoyote.

Australia Magharibi ilijifunza jambo hili kwa machungu. Reli zake za nafaka nyingi zina upana wa milimita 1,067, sawa na TAZARA. Mwaka 2014, baada ya mvutano wa muda mrefu kuhusu ada na gharama za matengenezo, matawi yaliyohesabiwa kuwa ya daraja la chini yalifungwa na ngano yake ikahamia barabarani. Ushirika wa wakulima wa CBH, uliokuwa tayari umenunua vichwa na mabehewa yake wenyewe, uliendelea kutumia njia zilizobaki. Serikali zilipotoa baadaye dola milioni 200 za nchi hiyo kwa ajili ya usafirishaji wa mazao, sehemu muhimu ya fedha ilikwenda kurefusha njia za pembeni kwenye vituo vya nafaka kama Moora, Brookton na Cranbrook, ili treni nzima ijazwe haraka bila kukatwa vipande.

Jimbo la Victoria, katika nchi hiyohiyo, linatoa onyo la aina nyingine. Mradi wa reli za bonde la Murray, wa dola milioni 440 za Australia, ulikusudia kubadili njia za nafaka kutoka upana wa milimita 1,600 hadi 1,435. Ulikwama katikati: baadhi ya matawi yalibadilishwa, mengine yakabaki na upana wa zamani, na mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa jimbo akaeleza kuwa malengo hayakufikiwa. Tanzania nayo ina upana wa aina tatu: milimita 1,000 za Reli ya Kati ya zamani, 1,067 za TAZARA na 1,435 za reli ya kisasa (SGR). Kila mahali zinapokutana, nafaka lazima ihamishwe. Reli ya kisasa, yenye uwezo wa tani 35 kwa ekseli, itakuwa na faida kwa mkulima wa Mpanda iwapo tu tawi lake litafika kwenye kituo chenye mitambo ya kuhamisha nafaka bila kuishusha chini gunia kwa gunia.

Hapa ndipo NFRA inapoweza kuwa zaidi ya mnunuzi. Mwaka 2024, baada ya ukame kuipiga Zambia, Tanzania ilikubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Kwa malori ya tani 30, mzigo huo ni zaidi ya safari 21,600. Kwa treni za tani 1,080, ni safari zipatazo 600. Mwezi Septemba mwaka huohuo, marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia mjini Beijing kutiwa saini kwa makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikibeba sehemu ndogo tu ya uwezo uliokusudiwa. Mkataba wa miaka mitano wa kusafirisha nafaka ya serikali, wenye tani zinazojulikana na adhabu kwa upande unaochelewesha mabehewa, ungempa mwendeshaji sababu ya kuweka mitambo ya kupakia Makambako na Vwawa. Mkataba kama huo kwa Mpanda ungelipa Shirika la Reli hoja ya kuomba fedha za tawi la Kaliua kabla ya kilomita nyingine yoyote mpya kutandazwa.