Karafuu za Unguja baada ya Kimbunga cha 1872

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga kisiwa cha Unguja, jambo la nadra mno katika kisiwa kilicho karibu hivyo na ikweta. Bandarini kilizamisha majahazi na meli, zikiwemo za Sultani Barghash bin Said. Mashambani kiling'oa minazi na sehemu kubwa ya mikarafuu.

Meli hununuliwa nyingine, lakini mkarafuu haununuliki ukiwa mkubwa. Mche huoteshwa kitaluni penye kivuli, huhamishiwa shambani, hupaliliwa mwaka hata mwaka, na kwa kawaida hupita miaka sita au zaidi kabla haujaanza kuzaa. Mavuno ya maana huja baadaye tena. Minazi nayo, ambayo ingemsitiri mkulima wakati huo, ilikuwa imelala chini na huchukua muda kama huo kukua.

Miaka hiyo ya kungoja ndiyo iliyoamua nani angebaki na shamba lake. Wenye mashamba wengi walikuwa na madeni hata kabla ya upepo, kwani wingi wa karafuu ulikuwa umeshusha bei tangu miaka ya 1840. Walikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi mjini, shamba likawekwa rehani, na deni likalipwa msimu wa uchumaji. Sasa msimu haukuwepo, na shamba lililowekwa rehani lilikuwa magogo matupu. Kazi yenyewe ilifanywa na watumwa, ambao jasho lao ndilo lililobeba utajiri wote huo. Mwezi Juni 1873 Barghash alitia saini mkataba na Uingereza wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwenye shamba aliyetaka kupanda upya akazidi kubanwa.

Karafuu zilipoadimika bei ilipanda, lakini nafuu hiyo ilimfikia tu aliyekuwa na miti iliyosimama. Miti hiyo ilikuwa Pemba, ambako kimbunga hakikufanya uharibifu mkubwa. Aliyekuwa na mashamba visiwa vyote viwili aliweza kuuza karafuu za huku akapanda miche ya kule. Aliyekuwa na Unguja peke yake alitegemea subira ya mdai wake.

Pemba ikapandwa mikarafuu kwa wingi kufuatia bei hiyo. Unguja nayo ilipanda tena, ila haikurudi mahali pake pa mwanzo: mpaka leo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba.