Ukarimu wa Wafilipino Kanisani: Tabia au Historia?

Shangazi yangu alipotoka Uganda kwenda kufanya kazi za nyumbani mjini Doha, nchini Qatar, hakuwa na ndugu wala jirani aliyemjua huko. Ijumaa yake ya kwanza ya mapumziko alikwenda kusali katika Kanisa la Bikira Maria wa Rozari, lililofunguliwa mwaka 2008 kwenye ardhi iliyotolewa na mtawala wa nchi. Huko Ijumaa ndiyo siku ya kupumzika, kwa hiyo waumini wengi husali siku hiyo badala ya Jumapili. Baada ya Misa alisimama peke yake akingoja basi. Wanawake watatu kutoka Ufilipino wakamwita, wakamsogezea chakula chao. "Walinipa wali kabla ya kuniuliza jina," aliniambia kwa simu. Tangu siku hiyo wanamwita ate, yaani dada mkubwa.

Nilimjibu kwamba pengine hiyo ni tabia yao tu. Akacheka. "Tabia haianguki kutoka mbinguni, mwanangu. Si wewe unayesoma historia? Hebu itafute."

Insha hii ni jibu langu kwake. Pia ni masahihisho. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliandika, na wenzangu wengi wakakubaliana nami, kwamba dini iliyoletwa na mkoloni humwacha aliyeipokea bila chochote cha kwake. Historia ya Ufilipino imeniondolea uhakika huo.

Mwaka 1521 Magellan, aliyekuwa akiitumikia Hispania, alifika kisiwani Cebu. Mtawala wa huko, Humabon, alibatizwa pamoja na mkewe, na mkewe akapewa sanamu ya Mtoto Yesu. Wiki mbili hivi baadaye Magellan aliuawa vitani katika kisiwa jirani cha Mactan, na wenzake waliosalia wakaondoka. Ilipita miaka 44. Legazpi alipokuja mwaka 1565 kuiteka nchi, aliupiga mji wa Cebu kwa mizinga. Askari wake mmoja, akipekua nyumba, aliikuta sanamu ile ikiwa imehifadhiwa vizuri. Padri hakuwapo wala kanisa halikuwapo miaka yote hiyo, lakini kuna watu waliomtunza mgeni yule nyumbani mwao.

Sitaki kuficha upande wa pili. Utawala wa Kihispania ulidumu zaidi ya miaka 300. Ulikuwa na kodi, kazi za kulazimishwa, na mashirika ya watawa yaliyomiliki mashamba makubwa. Watu walihamishwa kutoka makazi yao ya zamani ili waishi karibu na kengele ya kanisa. Swali langu ni hili: ndani ya hali hiyo, familia zilifanya nini na dini waliyopewa?

Jibu moja limo katika ubatizo. Kabla ya Wahispania, watu wa visiwa hivyo walikuwa na desturi ya kuchanjiana damu ili mgeni awe ndugu. Legazpi mwenyewe alichanjiana na Sikatuna, kiongozi wa kisiwani Bohol, mwaka huohuo wa 1565. Sisi wa Afrika Mashariki tunaifahamu desturi hiyo. Waganda huiita omukago. Kanisa lilipoleta ubatizo, lilileta pia wasimamizi wa ubatizo, na Wafilipino waliupokea utaratibu huo kwa mikono miwili. Ninong na ninang, yaani baba na mama wa ubatizo, wana wajibu kwa mtoto. Wao na wazazi wa mtoto nao huwa ndugu, wakiitana kumpare na kumare. Kwa njia hiyo jirani, tajiri wa kazini au hata mgeni huingizwa katika ukoo ambao hakuzaliwa humo. Kwa maoni yangu, undugu wa damu ya kuchanjia ulipata makazi mapya katika maji ya ubatizo.

Jibu la pili liko kwenye chakula. Kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba huadhimishwa Misa tisa za alfajiri ziitwazo Simbang Gabi. Zamani saa hiyo iliwafaa wakulima, ili wasali kabla ya kwenda shambani. Nje ya kanisa waumini hununua bibingka, mkate wa mchele unaopikwa kwa kupaliwa makaa juu na chini. Na katika sikukuu ya mtakatifu wa parokia, nyumba huachwa wazi, hata mpita njia akaribishwe kula.

Wafilipino walidai pia kanisa liwe lao. Mwaka 1872 mapadri watatu, Gomez, Burgos na Zamora, waliuawa hadharani na serikali ya Hispania kwa madai ya kuhusika na uasi wa Cavite. Walijulikana kwa kutetea haki ya mapadri wazalendo kuongoza parokia. Mwaka 1902 baadhi ya waumini walianzisha kanisa lao huru, likiongozwa na Gregorio Aglipay.

Februari 1986, wanajeshi walipomwasi Rais Marcos mjini Manila, Kardinali Jaime Sin aliwaomba watu kwa redio wakawalinde na kuwapelekea chakula. Familia nzima zilijaa barabara ya EDSA. Masista walipiga magoti na rozari mbele ya vifaru, na watu wakawapa chakula hata askari waliotumwa kuwatawanya. Tarehe 25 Marcos aliondoka nchini. Kumlisha mtu usiyemjua kulikuwa kumekuwa tendo la kisiasa.

Lakini ukarimu huu una gharama. Sheria ya kazi ya mwaka 1974, wakati wa Marcos huyohuyo, iliweka utaratibu rasmi wa kupeleka wafanyakazi nje, na leo mamilioni ya Wafilipino wanaishi mbali na kwao. Mmoja wa wanawake wale watatu alikuwa hajawaona watoto wake kwa miaka minne. Nilidhani walimkaribisha shangazi kwa sababu hawakupungukiwa na kitu. Kumbe walimkaribisha kwa sababu walijua kinachokosekana.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Pale Doha wote walikuwa wageni, na sijui nani alimponya nani. Ninachojua ni kwamba mwezi uliopita mwanamke huyo alimwomba shangazi awe ninang wa mjukuu wake, atakayebatizwa kijijini kwao huku mtu mwingine akisimama kwa niaba ya shangazi. Shangazi hajawahi kufika Ufilipino. Amekubali, na sasa ananiuliza mtoto wa ubatizo hutumiwa zawadi gani.